Droni itakuonyesha njano, haitakuonyesha kidukari

"Habari mtaalamu. Nina ekari 60 za misindano (Pinus patula) wilayani Mufindi, nilipanda mita 3 kwa 3, sasa ina miaka 6. Tangu Julai naona vipande vinageuka njano, na nikivuta matawi ya chini nakuta vitu vyeupe kama pamba pale sindano zinapoota. Kijana mmoja mwenye droni ameniambia kwa siku moja atapiga picha za NDVI za shamba lote, atanionyesha wadudu walipo na miti iliyoathirika kabla macho hayajaona, halafu nipige dawa hapo tu. Nimeiona droni yake, ina kamera ya kawaida. Nimlipe? Na bondeni nina milingoti ya mwaka mmoja yenye vinundu kwenye majani. Nayo itaonekana?"

Ndugu msomaji, pole kwa hofu hiyo. Miaka 6 ya kupalilia, kupogolea na kulinda moto si kitu cha kuangalia kikigeuka njano ukakaa kimya. Jibu fupi ni hili: droni inaweza kukusaidia sana, lakini si kwa namna uliyoelezwa. Katika aliyokuahidi kijana huyo, mawili hayawezekani kwa kamera aliyonayo, na moja haliwezekani kwa uhakika hata kwa kamera ya bei kubwa.

Nianze na hiyo pamba. Kwa maelezo yako, mshukiwa wa kwanza ni kidukari-pamba wa misindano, Pineus boerneri. Si mgeni: alibainika Kenya mwaka 1968, na leo yumo katika mashamba ya misindano ya Afrika Mashariki, Sao Hill ikiwemo. Ana urefu wa takriban milimita 1, anakaa kwenye kitako cha sindano na kwenye machipukizi laini, anafyonza utomvu na kujifunika kwa nta nyeupe, ndiyo pamba unayoiona. Sindano hugeuka njano na kudondoka kabla ya wakati, machipukizi hudumaa, na wakizidi, ncha hukauka. Huongezeka kiangazi, mti ukiwa na kiu, na hupungua mvua zikikolea. Kwa hiyo kuanza kwa dalili Julai kunaendana naye. Lakini kuendana si kuthibitika, na hapo ndipo watu wengi wanapopoteza fedha: wamekuta pamba kwenye miti mitano, wakaamua kwamba kila njano ya shambani imeletwa na mwenye pamba.

Sasa tuone droni inaona nini hasa. Ikiruka mita 100 juu ya vilele, kamera ya kawaida ya droni nzuri hutoa picha ambayo kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, inafunika takriban sentimita 3 za mti. Vidukari 30 wakipangwa mstari mmoja wanaenea ndani ya upande mmoja wa pikseli hiyo. Zaidi ya hapo, droni inatazama kutoka juu, ilhali pamba uliyoikuta iko ndani ya matawi, chini ya sindano. Kwa hiyo hakuna ramani ya droni inayoonyesha wadudu. Inaonyesha rangi ya taji la mti, yaani matawi na majani yake ya juu, na rangi ni matokeo. Nani ameyaleta matokeo hayo, picha haisemi.

Kuhusu NDVI, yaani namba ya kukadiria ukijani na afya ya mimea, elewa chanzo chake ili usiuziwe rangi tupu. Jani zima hunyonya mwanga mwekundu kwa ajili ya klorofili, na hurudisha kwa wingi miale ya infraredi ya karibu, ambayo macho yetu hayaioni, kwa sababu ya jinsi seli zake zilivyojipanga ndani. NDVI ni hesabu rahisi: infraredi toa nyekundu, gawanya kwa infraredi jumlisha nyekundu. Mti ukianza kuteseka klorofili hupungua, nyekundu inayorudi huongezeka, na namba hushuka. Seli zikivunjika kabisa, infraredi nayo huanguka. Kamera ya kawaida ina kichujio kinachozuia infraredi isiingie, kwa hiyo haina nusu ya hesabu hiyo. Ukipewa picha ya kijani, njano na nyekundu kutoka kamera ya kawaida ikaitwa NDVI, umepewa kiashiria kingine kinachotumia rangi tatu zinazoonekana tu, kama VARI. Hicho si uchafu, kina kazi yake, ila kiitwe kwa jina lake. NDVI ya kweli inataka kamera ya mikanda mingi, yaani inayopiga kila sehemu ya mwanga peke yake. DJI Mavic 3 Multispectral, kwa mfano, ina mikanda minne: kijani, nyekundu, ukingo mwekundu na infraredi ya karibu, pamoja na kamera ya kawaida.

Na ukikodisha kamera ya namna hiyo, usiishie kwenye NDVI. Msitu ukishafunga matawi, NDVI hujaa: mti mzuri na mti ulioanza kuchoka hutoa namba zinazokaribiana mno. Mkanda wa ukingo mwekundu, yaani ule mpaka kati ya nyekundu na infraredi, huhisi upungufu wa klorofili mapema zaidi, na kiashiria chake, NDRE, ndicho ningekiomba kwa misindano ya miaka 6.

Ahadi ya "kabla macho hayajaona" inahitaji uangalifu wa pekee. Ulaya ya Kati, ambako mbawakawa wa magome, Ips typographus, ameangamiza misitu mikubwa ya sprusi (miti ya jamii ya misindano) tangu ukame wa 2018, droni na setilaiti zimejaribiwa sana kwa kazi hiyohiyo. Huko kila wiki ina thamani, maana kizazi kipya hukomaa ndani ya wiki kama 6 hadi 10 na kuhamia miti mingine huku taji la mti wa kwanza likiwa bado kijani. Hata kwa kamera za mikanda mingi, kuutenga mti uliovamiwa na mti mzima katika hatua hiyo ya kijani bado hakuaminiki. Mti ukishaanza kubadilika rangi, droni huupata vizuri. Kwa hiyo anayekuahidi kuona ugonjwa usioonekana kwa safari moja, bila kupima mti hata mmoja ardhini, anaahidi zaidi ya uwezo wa chombo.

Basi droni ina faida gani kwako? Faida kubwa ni umbo. Ukiwa chini unaona mti mmoja mmoja. Kutoka juu unaona sura ya eneo lililoathirika, na sura hiyo hukueleza mengi kuliko ukali wa rangi. Njano inayofuata mgongo wa kilima au ukanda wa mawe ni udongo mfupi na kiu. Njano au kahawia iliyojaa bondeni na kukatika kwenye kimo kimoja, kana kwamba maji yalisimama pale, ni baridi kali ya usiku, na miti yote hapo huwa imeungua pamoja. Vilele vilivyokufa au kupinda huku matawi ya chini yakiwa kijani kizuri vinakuambia ufikirie upungufu wa boroni, kirutubisho cha udongoni, tatizo la kawaida la misindano katika ukanda wetu, na wenye mashamba wengi humsingizia mdudu. Duara la miti iliyokauka kabisa, sindano nyekundu zikiwa bado zimeshika, na pembezoni miti ya njano inayoongezeka mwaka hadi mwaka, ni dalili ya uyoga wa mizizi, Armillaria. Vilele vikavu hapa na pale bila mpangilio, shina limechunwa gome, tazama kima na nyani kabla ya kutazama mdudu. Mistari minyoofu ya njano inayofuata njia ya mpandaji mmoja au kundi moja la miche ni kosa la kitaluni: mizizi iliyojikunja kwenye viriba. Vidukari kwa kawaida huacha vipande visivyo na ukingo mkali, ndani yake mti mmoja ukiwa hoi na jirani yake ukiwa na afya, kwa sababu miti ya mbegu hutofautiana sana katika kuwavumilia. Ukiona mchanganyiko huo, shaka yako juu ya pamba inapata nguvu.

Kwa sababu hiyo, safari ya droni ipangwe vizuri, la sivyo umbo lenyewe linapotea. Misitu ni kazi ngumu kwa programu za kuunganisha picha: vilele vinafanana, vinatikiswa na upepo, na vinabadilika sura kila pembe. Shamba la mahindi linaweza kupigwa kwa picha kupandana asilimia 70, yaani kila picha ifunike tena sehemu hiyo ya picha jirani. Msitu ukipigwa hivyo utakutolea mashimo kwenye ramani na mataji mawilimawili. Dai kupandana kwa asilimia 85 mbele na 80 pembeni. Kwa ekari zako 60, yaani hekta 24 hivi, kwa mita 100 juu ya vilele, tarajia picha 500 na zaidi na betri mbili. Rubani aje na tatu. Droni ifuate mwinuko wa ardhi. Milima ya Mufindi haisamehe kosa hili: ikirushwa kwa kimo kimoja tangu ilipopaa, ikifika mgongo ulioinuka mita 40 inabaki mita 60 tu juu ya miti, na kupandana kwa asilimia 80 kunashuka hadi karibu 67. Sehemu hiyo ndiyo itakayotoka na mashimo, na mara nyingi ndiyo yenye miti inayoumwa.

Muda mzuri ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ukungu ukishaondoka na vivuli vikiwa vifupi. Mawingu mazito yaliyotanda sawasawa hayana ubaya. Kinachoharibu ni mawingu ya vipande, jua linawaka na kuzima kila dakika, kisha ramani inaonyesha "ugonjwa" pale kivuli cha wingu kilipopita. Kamera ya mikanda mingi ipige picha ya bao lake la kupimia mwanga kabla ya kuruka na baada ya kutua, bila mtu kulifunika kwa kivuli chake. Bila hatua hiyo ya dakika moja, namba za Mei haziwezi kulinganishwa na za Oktoba, na kulinganisha ndiko kunakokupa jibu la maana. Ningerusha mara mbili: Mei, mvua zikiisha miti ikiwa imeshiba, na tena Septemba au mapema Oktoba kabla mvua hazijarudi, siku isiyo na moshi wa mashamba yanayochomwa.

Matokeo yasitolewe kama ramani ya rangi ya shamba lote kwa mkupuo. Kati ya miti kuna nyasi, kivuli na ardhi tupu, na vyote hivyo hushusha namba. Mchambuzi achore kila taji, aondoe pikseli za kivuli, achukue thamani ya kati ya taji hilo. Taji la mita 3 kwenye picha ya pikseli ya sentimita 5 lina pikseli kama 2,800, kwa hiyo zipo za kutosha kutupa mbovu na kubaki na nzuri. Kazi hii inafanyika kwa programu za bure, WebODM kwa kuunganisha picha na QGIS kwa uchambuzi. Na usikubali kauli kama "chini ya 0.6 ni mgonjwa". Hakuna namba moja ya dunia nzima. Mti hulinganishwa na miti ya umri wake, mbegu yake na udongo wake, siku ileile, kwa kamera ileile.

Sasa sehemu ambayo haipigiwi debe, nayo ndiyo inayoipa picha thamani: kuingia shambani na ramani mkononi. Gawa mataji katika makundi matatu, kijani, yenye shaka na mabaya, kisha uchague kwa bahati nasibu miti 20 katika kila kundi. Usichague iliyo karibu na barabara, na usiruke ile ya kijani. Kila mti, kata ncha za matawi manne, moja kila upande wa dunia, kwa mundu uliofungwa kwenye ufito mrefu. Hesabu vishungi vya pamba kwenye sentimita 20 za mwisho, kwa lenzi ya kukuza mara 10. Pasua kishungi kwa pini: ukikuta mwili mdogo wa kahawia, kidukari yupo, ukikuta nta tupu, hiyo ni nyumba iliyohamwa, na pamba ya zamani huweza kubaki muda mrefu baada ya mwenyewe kuliwa au kufa. Andika pia hali ya kilele, gome na shingo ya mzizi.

Kuna mtego hapa. GPS ya simu chini ya miti hukosea mita 3 hadi 5, au zaidi, na miti yako imeachana mita 3. Utajikuta umepima jirani ya mti uliokusudiwa, kisha ukailaumu ramani. Dawa yake ni kuhesabu mistari kutoka kwenye njia ya moto ukiwa na picha iliyochapishwa, na kutandika mifuko myeupe ya salfeti kwenye nafasi wazi kabla droni haijaruka, iwe alama zinazoonekana juu na chini. Ukishindwa, pima kikundi cha miti mitano badala ya mmoja.

Tuseme katika miti 20 iliyoitwa mibaya, 12 ina vidukari hai na 8 ina vilele vya boroni. Na katika 20 ya kijani, 5 ina vidukari. Hapo unajua mawili: ramani yako ikisema "mbaya", kidukari ndiye mhusika mara 12 kwa 20, na ikisema "salama", inakuficha mti mmoja kwa kila minne. Hesabu hiyo ndogo ya daftarini ina uzito kuliko picha yoyote ya kupendeza.

Kwa hiyo, umlipe? Kwa ekari 60, watu wawili wenye macho wanaweza kulipitia shamba lako kwa mistari ndani ya siku mbili au tatu, na wakakuletea jibu la mdudu ambalo droni haitalileta kamwe. Droni huanza kujilipa vizuri zaidi mashamba yakiwa mamia ya ekari, au mabonde yakiwa magumu kupitika. Hata hivyo ramani ya kamera ya kawaida, ikiuzwa kama ramani na si kama kipimo cha wadudu, inafaa: utahesabu miti iliyokufa na mapengo, utaona maumbo niliyoyaeleza, na utajua pa kupeleka miguu. Akikubali masharti ya kupandana kwa picha, akakukabidhi picha zote ghafi na faili la ramani lenye majiranukta (namba za kuonyesha kila nukta iko wapi duniani), si picha ya WhatsApp, na akakuonyesha usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, mlipe kwa kazi hiyo. Kabla yake, tafuta kijana wa ramani akufungulie picha za setilaiti ya Sentinel-2. Ni za bure, pikseli yake ni mita 10, na zipo tangu 2015, kwa hiyo maisha yote ya shamba lako yamo. Hazitakuonyesha mti mmoja, lakini zitakuonyesha kama kile kipande cha njano kimekuwa dhaifu tangu miche ilipopandwa. Kama ndivyo, tatizo lilikuwepo kabla ya kidukari, yeye amekuja juu yake.

Kuhusu dawa, nakusihi usubiri. Kupuliza vilele vya mita nane na zaidi ni gharama kubwa, nta humkinga kidukari, na dawa za kuua kila kitu humaliza pia wadudu wanaomla. Kenya iliwahi kumleta mmoja wao, Tetraphleps raoi, kutoka Pakistan kwa kazi hiyo. Kidukari huyu mara chache huua mti mkubwa peke yake. Huupunguzia ukuaji, na huumia zaidi mti wenye njaa au kiu. Kama ramani na daftari vinaelekeza kwenye vipande vya udongo mfupi, kupunguzia miti mapema, ukianza na ile iliyo hoi, kutaipa inayobaki maji na mwanga. Kama ni boroni, mdudu wa kupigwa dawa hayupo. Pima udongo na sindano kwanza, kwa sababu boroni ikizidi ni sumu kwa mti.

Milingoti yako ni habari nyingine na ni fupi. Vinundu kwenye mshipa wa kati wa jani na kwenye kikonyo ni kazi ya nyigu mdogo Leptocybe invasa, aliyeonekana Kenya na Uganda mwaka 2002 na Tanzania 2005. Hupenda machipukizi ya miti michanga. Droni haina msaada hapo. Miti ya mwaka mmoja unaifikia kwa mkono. Kata majani yenye vinundu kwenye miti kumi ya mistari tofauti, uone ni mingapi imedumaa. Kama utaongeza eneo, uliza juu ya aina na klooni zinazomvumilia kabla ya kununua miche.

Kuna hali ambazo zisingoje droni wala jibu la maandishi. Ukichuna gome kwenye shingo ya mzizi ukakuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga, ukiona shina lenye matundu mengi yanayotoa utomvu na unga wa mbao, au miti mizima ikifa ndani ya wiki chache, mwite afisa misitu wa halmashauri aje shambani, na umwombe akuunganishe na wataalamu wa wadudu na magonjwa wa TAFORI (Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania) au wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Usiwapelekee picha tu. Weka matawi mabichi yenye pamba kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki huozesha. Wadudu wachache weka kwenye chupa ndogo ya spiriti ya asilimia 70. Kila kimoja kiwe na tarehe, namba ya mti, upande wa tawi na sehemu ya shamba. Andika kwa penseli, wino huyeyuka kwenye spiriti.